Shangazi Kichaka na Shamba Lisiloonekana

Shangazi yangu anaitwa Kichaka. Jina lake la kuzaliwa ni zuri tu, tena la heshima, lakini ukilitaja kule kwetu watu watakuuliza, "Huyo ndiye nani?" Sema Kichaka, na hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha njia kwa kidole. Kwenye harusi ya binamu yangu, mshereheshaji alishika kipaza sauti akatangaza, kwa ile sauti yao ya kulipwa: "Na sasa tumkaribishe mama mzazi wa bwana harusi, mama yetu mpendwa, Bi Kichaka!" Watu mia tatu wakapiga makofi. Shangazi akainuka, akatengeneza kanga begani, akapunga mkono kama malkia. Yeye ameshazoea. Sisi ndio bado tunatafuta pa kuficha sura.

Jina lilimpata wakati wa vita. Mimi sikuwepo, nilikuwa sijazaliwa, lakini hadithi nimeisikia mara nyingi mpaka naweza kukwambia upepo ulikuwa unavuma kutoka wapi.

Vita yenyewe ilipita kwetu miaka sita, ikienda na kurudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Leo wanaingia hawa, kesho kutwa wanafukuzwa, wanaingia wale. Hawakukubaliana kwa lolote isipokuwa moja: wote walikuwa na njaa. Msimu wa kwanza shangazi alikuwa na mahindi mazuri, marefu, yanayoonekana kutoka barabarani. Zimebaki wiki tatu avune, ikaja amri: kila kitu kilichopita kiuno karibu na barabara kikatwe, kwa sababu mtu anaweza kujificha humo na bunduki. Shangazi akayakata mwenyewe, kwa panga lake mwenyewe, punje bado zinatoa maziwa, huku kijana mmoja mwenye bunduki amekaa kwenye jiwe anakula muwa na kumwambia, "Mama, pale umeruka moja."

Msimu wa pili akapanda mahindi mbali na barabara. Upande wa pili wakayaona, wakayavuna wao. Walimshukuru, lakini. Walikuwa na adabu.

Basi shangazi akakaa, akafikiri, akaamua hivi: kitu kirefu kinaita watu. Kitu kilichonyooka kinaita watu. Kitu kisafi kinaita watu. Kuanzia siku ile shamba lake likawa fujo. Aliacha magugu yakue juu mpaka kiunoni, kisha akawa anaingia chini yake kama panya na kupanda humo humo. Muhogo aliulaza, akaubana kwa vijiti usiinue kichwa. Maharage aliyapandisha kwenye vichaka visivyo na faida. Majembe marefu yote aliyakata mipini. Hakulima amesimama tena. Alilima amechuchumaa, na majani amejifunga mgongoni na kichwani, miaka yote iliyobaki ya vita, na akalisha watu saba, mmojawapo baba yangu ambaye alikuwa kijana mdogo na, kwa maelezo ya shangazi, "alikuwa anakula kama ana mfuko wa siri."

Sasa siku hiyo. Shangazi amechuchumaa ndani ya shamba, majani kichwani, anapapasa maharage kuona kama yamekomaa. Anasikia viatu vizito. Anaganda. Mpiganaji mmoja anakuja, peke yake, anatazama kulia, anatazama kushoto, anachagua kichaka kimoja kati ya vichaka mia mbili vilivyokuwepo, na anafungua suruali.

Nadhani umeshaelewa alichagua kipi.

Shangazi alivumilia. Anasema alijiambia, maji tu, hata mvua ni maji. Ilipofika begani, alivumilia. Ilipofika shingoni, alivumilia. Ilipofika sikioni, kichaka kikasema kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mtu anayeomba nafasi kwenye benchi:

"Baba, sogea kidogo."

Yule kijana alikimbia suruali ikiwa magotini. Nasikia mtu anaweza kwenda kasi sana hivyo akiwa na sababu. Aliacha kiatu kimoja kwenye tope, akapita katikati ya kijiji akipiga kelele, "Kichaka kimeongea! Kichaka kimeongea!" Kila aliyesikia alijua ni kichaka cha nani. Miaka miwili iliyofuata hakuna mpiganaji wa upande wowote aliyekanyaga pale. Na shangazi akapata jina, mpaka leo.

Hiyo ndiyo sehemu inayochekesha. Sehemu inayofuata ilikaribia kumpokonya shamba.

Vita iliisha. Watu wakarudi kulima kama binadamu, wamesimama. Shangazi hapana. Miaka kumi na tisa baada ya risasi ya mwisho, bado analima chini ya magugu, bado jembe lake lina mpini wa urefu wa kijiko. Ukimuuliza atakwambia, "Waliniambia imeisha mara nne. Ya ngapi ndiyo ya kweli?"

Mpakani kwake anaishi Bwana Mistari. Huyu miaka ya vita aliikaa kwenye kambi ya wakimbizi, na kambini akafundishwa kilimo cha kisasa: kamba, vijiti, na kupima. Alirudi na bunda la kamba na imani mpya. Kwa Bwana Mistari kila kitu kiko kwenye mstari. Mahindi, vitunguu, viatu vya watoto mlangoni, watoto wenyewe wakinawa mikono. Nina hakika hata kuku wake wanataga kwa kufuata kamba. Si mtu mbaya. Shangazi akiumwa ni yeye wa kwanza kuleta uji. Ila kila asubuhi akipita anasimama, anatazama upande wa shangazi, anashusha pumzi kama mtu aliyeona ajali.

"Dada Kichaka," anaita, "nyoosha basi hata kipande kimoja tu. Macho yananiuma."

"Funga macho, kaka yangu," shangazi anajibu kutoka mahali fulani chini. Huwezi kumwona. Unasikia sauti tu.

Mwaka jana ukaja uandikishaji wa mashamba. Kila mtu apate hati. Tangazo likabandikwa kwenye karakana ya fundi baiskeli, kwa sababu ndiye mwenyekiti wa kamati ya ardhi na kwa sababu ndiyo sehemu pekee yenye ukuta ulionyooka. Masharti yalikuwa mafupi: mwenye shamba aonyeshe aina tano za mazao, yaonekane kwa macho, siku ya ukaguzi. Asiyeweza, ardhi yake inahesabiwa pori lisilolimwa, na jirani anaruhusiwa kuiomba.

Bwana Mistari aliiomba siku ile ile. Na alikuja kumwambia shangazi mwenyewe, mlangoni, kofia mkononi.

"Dada, si kwa ubaya. Ni kwa sababu inapotea. Nitainyoosha, na mboga nitakuletea kila wiki."

Shangazi alimfungia mlango polepole, kitu ambacho kwake ni matusi makubwa. Jioni hiyo alinipigia simu, na shangazi huwa hapigi, huwa anabipu.

"We mtoto wa kaka yangu," akasema, "wanataka kuniambia silimi."

"Si uwaonyeshe tu, shangazi?"

"Miaka ishirini na tano najifunza kutoonyesha. Naanzia wapi?"

Hapo nilisikia sauti yake ikikatika kidogo. Hilo ndilo shamba lake pekee. Hana lingine, hana pensheni, hana mume, wanawe wana nyumba za kupanga mjini zenye vyumba viwili na majirani wanaopiga muziki. Mimi na binamu yangu, yule bwana harusi, tukaamua kwenda kusaidia.

Na hapa ndipo naomba usinicheke, kwa sababu kilichofuata tulikifanya kwa upendo.

Tulifika asubuhi ya ukaguzi wenyewe. Shangazi hayupo, amekwenda karakana kuwapokea wakaguzi na kuwaleta. Tukatazama shamba. Jamani, lile shamba. Kama nisingekuwa ndugu, ningeandika pori mimi mwenyewe. Binamu akaniangalia, mimi nikamwangalia, tukaangalia mapanga mawili yaliyoegemezwa ukutani.

"Tunasafisha ile kona ya mbele tu," binamu akasema. "Wakiingia waone usafi kwanza."

"Kona tu," nikasema.

Tulifyeka saa moja na nusu. Tulifyeka magugu, tulifyeka vichaka, tukang'oa mti mmoja wa miiba, mchongoma mbaya mbaya uliopinda kama mzee mwenye kiharusi, ambao ulituchana mikono na tukauchoma moto kwa kisasi. Tulipomaliza kona ilikuwa nyeupe kama sahani. Nilipiga picha mbili, ya kabla na ya baada, nikazituma kwenye kundi la familia na maneno: "Kabla na baada! Shangazi atalia kwa furaha." Mioyo myekundu ikamiminika. Mjomba mmoja akaandika, "Vijana wa siku hizi bado wapo."

Kidogo tu, wageni hao. Mbele shangazi. Nyuma yake fundi baiskeli, mwenyekiti, mikono bado na grisi. Nyuma yake afisa ardhi, dada mmoja kijana, mkali, faili kifuani, na miguuni raba nyeupe mpya ambazo alikuwa anazivusha juu ya kila kinyesi cha mbuzi kwa uangalifu wa ajabu. Na mwisho, bila kualikwa, Bwana Mistari na bunda lake la kamba.

Shangazi akafika kwenye kona. Akasimama. Sijawahi kumwona mtu akisimama vile.

"Mlango wangu uko wapi?" akauliza.

"Mlango gani, shangazi?"

"Mchongoma."

Binamu akaanza kufuta panga kwa suruali. Mimi nikatabasamu kama mjinga. "Tumekusaidia, shangazi. Ulikuwa unaziba."

Ikawa hivi, na alitueleza mbele ya watu wote kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu: kila kitu kwenye shamba lile alikihesabu kutoka kwenye ule mchongoma. Hatua tisa kuelekea mlima, viazi vikuu. Kumi na nne kuelekea bati la Bwana Mistari, karanga. Miaka yote hakuandika popote, hakumwambia mtu, kwa sababu mtu akikamatwa anasema. Mchongoma ndio ulikuwa daftari. Na sisi tulikuwa tumelichoma daftari na kulipiga picha.

"Mama, tuendelee," afisa akasema. "Nina mashamba sita leo. Zao la kwanza?"

Shangazi akavuta pumzi, akajaribu. Akahesabu hatua kutoka pale alipodhani, akainama, akachimba. Jiwe.

Akasogea kushoto, akahesabu upya, akachimba. Jiwe lingine, labda ndugu wa lile.

Mara ya tatu kijembe kikagonga kitu laini. Tukasogea wote. Shangazi akavuta, akavuta, kikatoka: kiatu. Kiatu cha ngozi, cha mguu wa kulia, kimekunjamana kama samaki mkavu.

Afisa akashika kalamu. "Hili ni zao gani?"

"Hilo si zao, mwanangu," shangazi akasema. "Kuna kaka mmoja alikisahau."

Fundi baiskeli akageuka upande akakohoa kikohozi kirefu sana, mabega yanatetemeka. Anaijua hadithi. Kila mtu anaijua. Lakini mimi sikuweza kucheka, kwa sababu Bwana Mistari alikuwa tayari ameanza kufungua kamba yake, polepole, na alikuwa anaona aibu kufanya hivyo, na hakuacha.

"Mama," afisa akasema, na sasa sauti yake ilikuwa imelegea kidogo, "mimi naona magugu. Siwezi kuandika kitu nisichokiona." Akafungua faili. Akaandika herufi ya kwanza. Niliiona, nilikuwa nimesimama karibu. P.

Shangazi alifanya kile ambacho mwili wake umezoea kufanya mambo yakiharibika. Alichuchumaa. Alishuka tu, pale pale, akainamisha kichwa, akatoweka kwenye magugu. Afisa akashtuka, akatazama huku na huku. "Ameenda wapi?"

Kutoka chini tukasikia kicheko. Kwanza kidogo, cha puani. Halafu kikubwa. Binamu akaninong'oneza, "Tumemvunja. Shangazi tumemvunja."

"We Panga," sauti ikaita. Huyo nilikuwa mimi. "Njoo hapa. Chuchumaa."

Nikachuchumaa.

Sijui nikueleze vipi. Ukisimama pale unaona uchafu wa kijani mpaka mwisho. Ukishuka, magugu yote yanakuwa paa. Paa tu! Chini yake ni peupe, kumepaliliwa, udongo laini umefagiliwa kama uwanja wa nyumba, na mwanga unaingia kwa vipande vipande. Na ndani humo kila kitu kipo. Muhogo umelala upande kama watu waliopumzika mchana. Maboga yananing'inia ndani ya vichaka. Maharage yanapanda kwenye mashina, maganda yamejaa. Shamba zima lilikuwa limejengwa kwa ajili ya macho ya mtu aliyechuchumaa. Wenye bunduki huwa wanasimama. Hakuna hata mmoja wao, miaka yote ile, aliyewahi kushuka kuangalia.

"Mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau," shangazi alisema, machozi na kicheko vimechanganyika. "Leo kwa sababu ya wageni nimevaa nguo nzuri, nikawa nahesabu nimesimama. Mchongoma wa nini? Mchongoma nilikuwa nautumia kuingia gizani. Mchana si naona!"

Akatoa mkono juu ya magugu, akamvuta afisa sketi. "Mwanangu, shuka."

"Mama, siwezi, hizi raba..."

"Shuka."

Kuna sauti ambayo hata serikali inaitii. Afisa akashuka. Nilisikia "Ah!" moja ndogo, na baada ya hapo raba nyeupe hazikutajwa tena.

Fundi baiskeli alishuka bila shida. "Maisha yangu yote niko hapa chini," akasema, "sema mimi naonaga spoku tu." Binamu akashuka. Akabaki Bwana Mistari peke yake, amesimama katikati ya pori na kamba mkononi, kama mtu aliyeachwa na basi.

"Nyinyi," akaita. "Nyinyi mko wapi? Mwenyekiti? Afisa? Hii si haki! Ukaguzi unafanywa watu wamesimama!"

"Imeandikwa wapi?" sauti ya shangazi.

"Imeandikwa! Yaonekane kwa macho!"

"Macho yapi?"

Ikasikika karatasi ikifunuliwa. Afisa, kutoka chini ya majani, akasoma sharti mara mbili kwa sauti. Yaonekane kwa macho. Kwamba mwenye macho awe amesimama, amekaa, au amelala kifudifudi, hawakuandika.

"Zao la kwanza," afisa akasema, "muhogo. Nimeuona. La pili?"

Wakaondoka kwa kutambaa. Ungekuwa barabarani siku ile ungeona pori linatikisika na kuongea. "Viazi vitamu. Andika." "Haya ni maharage au kunde?" "Hayo kunde, maharage unayakalia." "Samahani, mama." "Usiombe samahani, ondoka." Walipita tano bila kusimama. Walikuwa kwenye nane, kwenye njugu mawe, afisa amesahau mashamba yake mengine, anauliza maswali kama mtoto dukani. Niliwafuata nikiwarekodi kwa simu, na video ile ndiyo iliyozunguka mitandaoni. Kama uliwahi kuona mwanamke mwenye faili anatambaa na tangawizi mdomoni, ndio wetu hao.

Waliishia kumi na moja.

Bwana Mistari alikuwa ameshuka wakati wakihesabu magimbi. Hatukumwona akishuka. Tulimkuta tu, magoti yanalia kama bawaba, anatazama mbele yake, mdomo wazi.

"Kuna mistari," akasema.

Na kweli ilikuwepo. Ukitazama kutoka chini, mihogo, karanga, viazi, vyote vilikuwa vimepangwa, ila mistari yake ilipinda, ikizunguka kila kichaka kama mbavu.

"Imepinda," Bwana Mistari akaongeza haraka, asionekane ameshindwa sana.

"Imepinda," shangazi akakubali.

"Lakini ni mistari." Akamgeukia shangazi. "Dada, miaka yote hii. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia, si ungenyoosha?"

Akafikiri. Mtu mkweli, Bwana Mistari. "Ningenyoosha," akasema. Kisha akageuka kwa afisa, akaomba karatasi yake ya maombi, na akaikunja mara nne, kingo zikalingana sawasawa, akaiweka mfukoni.

Ile herufi P afisa hakuifuta. Aliigeuza kwa kalamu ikawa mwanzo wa "Panalimwa." Nilimwona kwa macho yangu.

Ikabaki kitu kimoja. Kila mwenye shamba achore ramani ndogo kuonyesha zao gani liko wapi, ibaki ofisini. Shangazi akachukua kalamu, akachora dakika kumi, ulimi nje, ramani nzuri sana yenye mlima na bati la Bwana Mistari. Afisa akaisifu. Hati ikatoka baada ya miezi miwili, na sasa imefichwa mahali ambapo hata mimi sijui.

Siku ile walipoondoka nilimuuliza, "Shangazi, mbona karanga umezichora kule kwenye mawe?"

Akanitazama kwa huruma. "Kwani wewe unataka wajue zilipo?"

Mimi na binamu tulihukumiwa kupanda mchongoma mpya, kwa mikono, bila glavu. Mimi nikapata na adhabu ya ziada, kwa sababu zile picha mbili zilikuwa bado kwenye kundi la familia na mjomba aliyetusifu alikuwa amesikia habari kamili. Toka siku hiyo ndugu zangu wote, pamoja na wanaoniheshimu, wananiita Kabla-na-Baada. Nikipiga simu nyumbani nasikia kabisa mtu akiita, "Njooni, Kabla-na-Baada yuko hewani!" Kwa hiyo nakuelewa, shangazi. Nakuelewa sana.

Ila ile kona tuliyofyeka ikabaki tupu. Jua linaipiga, haifichi chochote, kwa shangazi haina matumizi. Wiki kadhaa aliizunguka tu. Halafu nikasikia kutoka kwa Bwana Mistari, ambaye sasa ndiye mpelelezi wangu, kwamba amepanda kitu. Nilipokwenda nikakuta mashimo saba. Mahindi. Saba tu, na si kwenye mstari; Bwana Mistari amejitolea kuleta kamba mara tatu na mara tatu amefukuzwa.

Yalipofika magotini alikuwa anayatembelea mara moja kwa siku. Yalipofika kiunoni ikawa mara tano. Alikuwa anayagombeza. "Inama, wewe. Unakimbilia wapi? Inama!" Mahindi, kama unavyoyajua, hayana masikio ya aina hiyo.

Mara ya mwisho nilipokuwa kule yalikuwa yamempita bega. Nilimkuta amesimama kando ya moja, amesimama wima kabisa, mkono juu ya kichwa chake, anajipima nalo. Likapita lori barabarani, zito, lenye turubai. Sikuwa hata nimelisikia vizuri. Shangazi alikuwa ameshashika lile hindi shingoni na kulikunja mpaka chini, na yeye ameshuka nalo. Wakakaa hivyo wote wawili. Lori likapita. Lilikuwa limebeba magodoro.

Shangazi akaliachia. Hindi likaruka juu likamchapa usoni, pah!

Nilijifanya natazama simu. Akajipangusa, akainuka kwa magoti yake yale, akalitazama kwa muda.

"Haya," akaliambia. "Simama basi."

Haya, sasa ni zamu yako. Najua si kwetu peke yetu. Kwenu kuna babu ambaye mpaka leo halimi karibu na barabara na hasemi kwa nini? Mama anayepanda viazi chini ya maua ya bustani? Jirani anayevuna kabla ya wakati kwa mazoea tu? Niandikie hapa chini, na jina la utani lililowakaa pia, maana siwezi kuwa Kabla-na-Baada peke yangu duniani. Andika yote. Ila mazao yalipo usitaje. Shangazi kanunua simu ya skrini, anasoma, na amesema atakayetaja atamfuta.